Kasongo na Kabambare: Kuta zimerudi kuwa udongo, wali bado uko sahanini

Anayetaka kuuona mji wa kale wa Kasongo hataupata katikati ya Kasongo ya leo. Ataelekezwa nje ya mji, mahali panapoitwa Tongoni. Jina hilo linajieleza lenyewe. Kwa Kiswahili, tongo ni mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa. Wasomaji wa Tanga wanalifahamu, kwa sababu nao wana Tongoni yao, yenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale kando ya bahari. Tofauti ni kwamba Tongoni ya Tanga ilijengwa kwa mawe na chokaa, nayo bado inaonekana. Tongoni ya Kasongo ilijengwa kwa udongo, na udongo huo kwa sehemu kubwa umekwisha kurudi ardhini.

Hapo ndipo palipokuwa mmoja wa miji mikubwa ya Waswahili barani, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kasongo, iko Kabambare, kituo ambacho misafara kutoka Ujiji ilipitia kabla ya kufika huku. Leo miji hiyo miwili ni makao makuu ya maeneo mawili ya kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ina historia ambayo nchi nyingine zingeifanya kivutio cha watalii. Haina watalii. Ilichonacho ni lugha, misikiti, miti ya matunda na chakula, na swali moja gumu: je, urithi huu utahifadhiwa kabla masalia yake ya mwisho hayajasombwa na mvua?

Mji uliotekwa Aprili 1893

Kasongo ilikua katika miaka ya 1870, pale Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipoifanya makao yake. Kutoka hapo aliongoza biashara ya pembe za ndovu na watumwa katika eneo kubwa la mashariki mwa Kongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Mapatano hayo hayakudumu. Tippu Tip aliondoka Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1890, akarudi Unguja na kuandika kumbukumbu za maisha yake kwa Kiswahili. Alifariki huko mwaka 1905. Nyumba yake ya Mji Mkongwe bado imesimama, na wageni huonyeshwa mlango wake wa kuchonga.

Nyumba za Kasongo hazikupata bahati hiyo. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya majeshi ya Leopold na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Nyangwe, mji wa soko kwenye ukingo wa mto Lualaba, ulitekwa Machi 1893. Tarehe 22 Aprili mwaka huo majeshi yaliyoongozwa na Francis Dhanis yakaingia Kasongo. Seif, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa miezi michache baadaye. Kabambare ilianguka Januari 1894, na vita vikawa vimekwisha.

Daktari wa Kiingereza aliyekuwa kwenye jeshi hilo, Sidney Langford Hinde, alichapisha mwaka 1897 kitabu kuhusu vita hivyo. Anaeleza jinsi askari walivyoshangazwa na walichokikuta: vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri, vyandarua, mishumaa, sukari, na vyombo vya fedha na vya kioo. Chumba alichojichukulia yeye kilikuwa na urefu wa takriban mita 24 na upana wa zaidi kidogo ya mita 4, na mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa. Maghala yalijaa mpunga, mahindi na kahawa. Bustani zilikuwa na machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na ndizi.

Maelezo hayo ni ya mshindi anayehesabu mali aliyoiteka, na yanapaswa kusomwa hivyo. Hata hivyo ni ramani nzuri kwa msafiri wa leo. Nusu ya orodha hiyo, yaani vitanda, hariri na kuta, haipo tena. Nusu ya pili, yaani mpunga na matunda, iko sokoni.

Baada ya vita, utawala mpya ulijenga Kasongo nyingine mahali tofauti. Hiyo ndiyo Kasongo inayoonekana leo: majengo ya matofali ya kuchoma yenye baraza pana, ofisi za enzi za Wabelgiji, misheni ya Wakatoliki, misikiti, na nyumba za watu zilizojengwa kwa matofali mabichi na kuezekwa kwa bati au nyasi. Kasongo ni makao ya jimbo la Kanisa Katoliki lililoanzishwa mwaka 1959, na wakati huohuo ni mmoja wa miji inayojulikana zaidi kwa Uislamu nchini Kongo. Adhana na kengele ya kanisa husikika katika mji mmoja.

Nyumba za pembe nne kabla ya misafara

Ni rahisi kudhani kwamba nyumba ya pembe nne na barabara iliyonyooka vililetwa Maniema na watu wa pwani. Shajara za David Livingstone zinaonyesha vinginevyo.

Mmisionari huyo wa Uskoti aliingia Manyema, kama eneo hilo lilivyoitwa, mwaka 1869. Alikaa Bambarre, mahali panapotambuliwa kuwa Kabambare ya leo, na kati ya Julai 1870 na Februari 1871 alikwama hapo akiugua vidonda vya miguu. Kwa kuwa hakuweza kwenda popote, aliangalia kwa makini alichokuwa nacho mbele yake. Aliandika kwamba nyumba za wenyeji zilikuwa za pembe nne, zenye kuta za udongo ulioshindiliwa vizuri, na kwamba zilipangwa kwa mistari. Aliona pia kuwa vijiji vilijengwa kwenye miteremko ili maji ya mvua yapite. Njia zake mara nyingi zilielekea kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua likaushe unyevu haraka.

Huo ulikuwa ujuzi wa watu wanaojua mvua yao. Katika nchi inayonyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, adui wa kwanza wa nyumba ya udongo ni maji: yale yanayotoka juu, na yale yanayopanda kutoka chini. Paa linaloning'inia nje ya ukuta huzuia ya kwanza. Msingi ulioinuliwa na mteremko huzuia ya pili. Watu wa pwani walipokuja na baraza ya mbele, ua wa nyuma na mlango wa mbao, waliviunganisha na ufundi uliokuwapo. Nyumba ya kawaida ya Kasongo au Kabambare ni mtoto wa wazazi hao wawili.

Ufundi huo una udhaifu mmoja. Nyumba ya udongo inaishi kadiri watu wanavyoishi ndani yake. Ikipakwa udongo upya na paa lake likitengenezwa kila mwaka, inaweza kukaa muda mrefu sana. Paa likianguka na watu wakahama, misimu michache ya mvua inatosha kuufanya ukuta kichuguu. Ndiyo maana huko Tongoni mgeni asiye na mwenyeji anaweza kupita asione kitu. Watafiti wa akiolojia wa Kongo na Ubelgiji waliofanya kazi kusini mwa Maniema katika miaka ya karibuni walilazimika kusoma ardhi yenyewe, vipande vya vyungu na shanga, na kuwasikiliza wazee. Sehemu ya matokeo yao ilichapishwa mwaka 2020 katika jarida la akiolojia la Antiquity.

Kabambare, mlango wa Manyema

Kwa aliyetoka Ujiji, safari ilianza kwa kuvuka Ziwa Tanganyika. Kutoka ukingo wa magharibi, msafara ulipanda milima, ukafika nchi ya mto Luama, kisha Kabambare. Hapo watu walipumzika, wakanunua chakula na kusikia habari za mbele. Henry Morton Stanley alipita Oktoba 1876 akielekea Lualaba, akakuta wenyeji ambao bado walimkumbuka Livingstone.

Kabambare haikuwahi kuwa na utajiri wa Kasongo. Umuhimu wake ulikuwa ni kuwa njiani, na aliyeishika aliishika njia. Kwa sababu hiyo ilipiganiwa mara kwa mara, hata na askari wa Kibatetela walioasi dhidi ya utawala wa Leopold mwishoni mwa miaka ya 1890.

Njia hiyo ilipeleka watu pande zote mbili. Wengi waliochukuliwa kutoka Manyema hawakurudi. Kizazi chao kiko Ujiji, Tabora, Bujumbura, Dar es Salaam na Unguja. Msikiti wa Manyema ulioko Kariakoo, Dar es Salaam, unalibeba jina hilo hadi leo. Kwa familia nyingi za Tanzania, Kasongo na Kabambare ni mahali ambapo bibi wa bibi alitoka, hata kama hakuna aliyewahi kupaona.

Kinachobaki sahanini

Ikiwa majengo yamekwisha, chakula hakijakwisha. Mpunga ndio ushahidi ulio wazi zaidi. Zao hilo lilienezwa Maniema na waungwana, kama walivyoitwa watu waliofuata desturi za pwani, ambao walihitaji kulisha misafara na miji yao. Wabelgiji waliowashinda wakaukuta mpunga, wakaushikilia, na baadaye wakawalazimisha wakulima kuulima kwa ajili ya migodi na miji. Leo Maniema inajulikana kote mashariki mwa Kongo kama nchi ya mchele. Sehemu kubwa hulimwa kwa kutegemea mvua, kwenye mashamba yaliyofyekwa msituni, kwa jembe na panga.

Sahani ya kawaida ya kusini mwa Maniema inasimulia historia ya tabaka kadhaa. Chini kuna chakula cha zamani cha wenyeji: ndizi, karanga, na mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Juu yake kuna muhogo na mahindi, mazao yaliyotoka Amerika na kufika bara kabla ya misafara ya Tippu Tip. Muhogo hulowekwa, hukaushwa, husagwa na kuwa bugali. Majani yake hutwangwa kwenye kinu na kuwa sombe, inayopikwa kwa muda mrefu kwa mawese na pilipili, na mara nyingine karanga au samaki. Kisha juu kabisa kuna wali, ambao katika siku ya sherehe huchukua nafasi ya bugali.

Sombe ni kazi. Majani mabichi ya muhogo yana sumu inayohitaji kuondolewa, na ndiyo sababu hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu. Mpishi mwenye haraka hawezi kuipika. Mgeni kutoka Tanzania ataitambua kuwa ndugu wa kisamvu, lakini mahali pa tui la nazi atakuta mawese. Hilo peke yake linamwambia amefika wapi: mnazi umebaki pwani, mchikichi ndio unaotawala.

Upande wa mto, samaki ni wa Lualaba. Wagenia, wavuvi na wenye mitumbwi wa mto huo, walikuwa wakiwavusha wasafiri na kuleta samaki kwenye masoko tangu kabla ya wageni kufika. Samaki huliwa mbichi akiwa ametoka majini, au hukaushwa kwa moshi ili asafiri hadi vijiji vya mbali. Na katika mwezi wa Ramadhani Kasongo hujiandalia futari kama miji mingine ya Waswahili, ingawa bahari iko mbali.

Uhispania inafundisha nini?

Katika ulimwengu wa utalii kuna nchi iliyopita njia inayofanana na hii kwa namna ya kushangaza. Sehemu kubwa ya Uhispania ilitawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi. Córdoba ilitekwa na Wakristo mwaka 1236, Sevilla mwaka 1248, na Granada, ngome ya mwisho, mwaka 1492. Waislamu wakashindwa, na baadaye wakalazimishwa kubadili dini au kuondoka.

Lakini majengo yao yalibaki, na jikoni pia palibaki. Msikiti mkuu wa Córdoba, ulioanza kujengwa mwaka 785, ukawa kanisa kuu bila kubomolewa wote. Jumba la Alhambra huko Granada, ambalo sehemu kubwa ya kuta zake za nje ni udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na chokaa, leo linapokea zaidi ya watu milioni 2 kwa mwaka. Yote mawili yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1984. Mtalii akitoka hapo huketi mezani na kula wali, ambao Wahispania huuita arroz, neno lililotoka Kiarabu. Sukari wanaiita azúcar, neno la asili moja na sukari yetu. Mwaka 2024 Uhispania ilipokea karibu watalii milioni 94 kutoka nje, na miji hiyo ya kale na vyakula vyake ni sehemu ya kinachowavuta.

Ulinganisho huo una mipaka yake. Watawala wa Granada walijenga kwa vizazi. Kasongo ya Tippu Tip haikufikisha hata miaka 20. Uhispania ina reli, hoteli na amani. Lakini kuna jambo moja lisilohitaji fedha nyingi: nchi iliyoshinda iliamua kwamba kumbukumbu za aliyeshindwa ni mali yake pia. Na ukuta wa udongo, ukipata paa na mtu wa kuutunza, unaweza kudumu karne kadhaa.

Historia inayouma

Tatizo la Kasongo ni zito zaidi ya udongo. Kumbukumbu ya Waarabu na Waswahili katika Maniema ni kumbukumbu ya watumwa pia. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko huko Nyangwe, watu wenye bunduki walianza kuwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Livingstone aliyeyashuhudia mauaji hayo aliandika kwamba mamia walikufa, kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilichochea shinikizo lililosaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Kwa upande mwingine, Wabelgiji walijenga hadithi ya kuwa wakombozi dhidi ya Waarabu, huku utawala wa Leopold ukiwatumikisha Wakongo kwa nguvu katika mpira na pembe. Kwa miaka mingi shule za Kurani zilitazamwa kwa shaka, na Waislamu wa Maniema waliitwa kwa jina la watu waliogeuzwa Waarabu, kana kwamba si wenyeji.

Kwa hiyo kuiweka alama Tongoni kuna maswali yake. Je, ni kumbukumbu ya mji uliostawi, au ya watu waliofungwa minyororo ili ustawi? Jibu la wengi Kasongo limo katika familia zao, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na babu aliyeuza na bibi aliyeuzwa. Wote waliacha lugha ileile, Kiswahili, ambacho leo ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo.

Barabara, bunduki na mvua

Hata aliye tayari kwenda atakuta safari si nyepesi. Reli inayotoka Kindu kupitia Kibombo na Samba hadi Kongolo iko upande wa magharibi wa Lualaba, wakati Kasongo iko mashariki, hivyo lazima kuvuka. Barabara nyingi ni za udongo, na msimu wa mvua pikipiki hupita pale gari linaposhindwa.

Usalama ni kikwazo kikubwa zaidi. Eneo la Kabambare, hasa upande wa Salamabila, limekumbwa na makundi yenye silaha. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ulisimamisha kazi mwaka 2019. Wakulima wanaokimbia kijiji huacha mpunga shambani, na nyumba ya udongo iliyoachwa, kama ilivyokwisha kusemwa, haingoji.

Lakini yapo yanayoweza kuanza bila kungoja watalii. Kongo ina sheria ya kulinda mali za utamaduni tangu mwaka 1971. Ina maeneo matano kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, yote ya asili, kama Virunga na Salonga. Hakuna hata jengo moja. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania iliweka mwaka 2006 njia ya kati ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha yake ya mapendekezo ya urithi huo. Kwenye karatasi, njia hiyo inaishia majini. Wale waliotembezwa juu yake walikuwa wameanza kutembea mbali kabla ya hapo, na wengi walipita Kabambare.

Kupima mipaka ya Tongoni, kuweka kibao, kurekodi sauti za wazee na kutengeneza mapaa ya majengo ya zamani ambayo bado yana kuta ni kazi zinazoweza kufanywa na wilaya, parokia, misikiti na shule kwa pamoja. Kila masika inayopita huifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa wazee wanaojua msikiti ulisimama wapi na soko lilikuwa wapi wanapungua.

Kwa sasa, urithi wa Kasongo unatunzwa na wanawake wanaotwanga mpunga na sombe kwenye vinu vya nyuma ya nyumba. Hawalipwi na mfuko wowote wa urithi, na hakuna kibao kinachowataja. Lakini zaidi ya miaka 130 baada ya mji kutekwa, wao ndio wanaoendeleza sehemu ya Kasongo ya kale ambayo haikuhama.